Msalaba Kando ya Maneno ya Mama

Aliyeuona kwanza ni mama. Mimi nilikuwa nimezipitia kurasa zile ofisini harakaharaka, nikitafuta makosa ya chapa, na macho yangu yalikuwa yameshazizoea alama za kamusi kiasi cha kutoziona tena. Niliziacha juu ya meza ya chakula, nikaenda kuoga. Niliporudi nilimkuta ameketi, miwani puani, kidole kimesimama juu ya neno "bweta."

"Mwanangu, hiki nini?"

"Kipi, Mama?"

"Hiki kijisalaba. Na huku kwenye 'kandili' kipo. Na huku kwenye 'kawa' kipo. Maneno yangu yote mumeyatia misalaba."

Nilimweleza kwamba ule si msalaba wa kanisani. Ni alama ya zamani ya watengeneza kamusi, wengine huiita jambia, na huwekwa mbele ya neno ambalo watu wameacha kulisema. Neno lililokufa. Niliyasema hayo kwa ile sauti yangu ya wizarani, sauti ya mtu anayeeleza mambo yasiyomhusu, na kabla sijamaliza nilijuta.

Mama alivua miwani. Akaikunja.

"Alaa. Kumbe nnakufa sina habari. Mumenizika, wala hamkuniuliza dini yangu."

Binti wa Uganda anayemsaidia mama kazi za nyumbani alikuwa anapangusa kabati la vyombo. Yeye ni Mkristo, na Jumapili tukimpa ruhusa huenda kanisani na wenzake. Akageuka na kitambaa mkononi.

"Mama, lakini msalaba si ya kufa peke yake. Ni ya kufufuka pia."

"Kufufuka ni kwa aliyekufa," mama akamjibu. "Miye bado. Hebu lete kawa ufunike hizo sambusa, inzi hao."

Yule binti akaenda jikoni, akarudi na kile kifuniko cha wavu wa plastiki, mviringo kama paa la kibanda, tulichokinunua dukani hapa Al Khuwair, Maskati. Akafunika sambusa. Hakuuliza kawa ni nini. Mama naye hakuona ajabu yoyote. Mimi ndiye niliyesimama na taulo kichwani, nikilitazama neno lililokufa likifanya kazi yake mezani.

Niseme kamusi ile ilikuwa nini. Ni kamusi ya kihistoria ya Kiswahili, na tulikuwa tukiitengeneza watu wachache, kila mmoja na mji wake, tukikutana kwenye kioo cha kompyuta. Mhariri wetu anakaa bara, katika mji mkubwa wenye umeme wa kukatika. Mimi, ambaye mchana natafsiri barua za serikali, nilipewa fungu la maneno ya familia za Unguja zinazoishi Maskati. Hatukulipwa kitu cha maana. Nilikubali kwa sababu kazi hiyo nilikuwa nikiijua, tena niliipenda, na niliijulia mahali ambapo hakuna mtu angedhani.

Niliijulia Uskoti. Nilipelekwa kusoma huko nikiwa msichana, katika mji wa mawe na upepo, na baridi ilipozidi nilianza kutafuta kila jengo lenye moto wa kuota. Moja lilikuwa nyumba ya watu wanaotengeneza kamusi ya Kiskoti. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, na ndugu hawa walirithi nyumba moja: mmoja akachukua sebule, mwingine akaambiwa akae jikoni. Bibi niliyepanga chumba kwake, mjane aliyekuwa mpishi wa shule, alinihadithia jinsi alivyochapwa viganjani darasani kwa kusema maneno ya mamake. Alinihadithia akicheka, lakini mikono aliificha chini ya meza.

Pale walinipa kazi ya kupanga kadi. Kila kadi ina neno, sentensi ambamo neno limeonekana, nani kaandika, wapi, mwaka gani. Niliielewa mara moja, maana mtoto aliyelelewa kwetu anajua kwamba kauli haina thamani mpaka ujue imepokewa kutoka kwa nani. Kisha maana hupangwa, ya zamani juu, ya leo chini, na hakuna anayeambiwa kwamba maana yake si sahihi. Nilisoma pale kwamba neno ambalo leo Waingereza humtukania mjinga, zamani lilikuwa sifa ya mtu mwenye baraka. Neno lao la nyama lilikuwa chakula chochote. Sikushangaa sana. Kwetu ndege aliruka na manyoya kabla hajaruka na abiria, na hakuna aliyemtia yule wa kwanza msalaba.

Siku moja nilikuta kadi ya neno la mvua nyembamba, ile usiyoiona mpaka nguo zimeshalowa. Mtu ameitia alama ya kufa. Na asubuhi hiyohiyo yule bibi yangu alikuwa amelitamka akinikabidhi mwavuli mlangoni. Nilimwendea msimamizi, nikamwambia kwa woga, maana mimi nani, mgeni wa juzi. Hakucheka, wala hakuniuliza kitabu. Aliuliza tu, "Huyo bibi ni mzaliwa wa wapi?" Nikamwambia. Akaifuta ile alama, akaandika wilaya ya bibi na mwaka ule, akairudisha kadi mahali pake.

Nilidhani kila kamusi hufanya hivyo.

Mhariri wetu si mtu mbaya. Ni msomi, mchapakazi, na kwa miaka amebeba kazi ile mgongoni bila msaada. Lakini alikuwa na sheria yake: ushahidi ni maandishi yaliyochapwa, basi. Neno likikosa chapa kwa muda wa kizazi kizima, linatiwa alama. Nilikuwa nimempelekea sauti ya mama niliyoirekodi, mama akisema bweta, akisema kandili, akisema kawa, na kuku wa jirani wakisikika nyuma. Aliihifadhi. Hakuihesabu.

Nilimpigia siku ya pili baada ya mama kuiona misalaba. Nilikuwa nimejiahidi kusema kwa upole.

"Dada yangu," alisema, "nikikubali mdomo wa mama yako, kesho nitakataaje mdomo wa mwingine? Kuna watu wananiletea maneno waliyoyatunga bafuni."

"Mamangu hatungi maneno bafuni."

"Sijasema hivyo. Nasema sheria ni sheria."

"Kisanduku chake cha dawa anakiita bweta, kiko kando ya kitanda chake sasa hivi. Taa ya kuchaji anaiita kandili. Kawa limefunika chakula mezani. Na anayelifunika ni msichana wa Kampala, hata si mtoto wake. Neno lililokufa linafundishwaje kwa mgeni?"

Kisha akasema lile ambalo nadhani alikuwa nalo tangu mwanzo.

"Tatizo jingine ni hiyo Maskati, dada. Maskati si pwani yetu. Kiswahili cha huko ni cha wageni, ni kama tawi lililokwisha kukatwa mtini. Lina majani bado, sawa. Lakini limekatwa."

Upole wangu ukaishia hapo. Mimi nina hasira za karibu, mama husema nilizaliwa mchana wa jua kali, na siku ile nilizitumia zote. Nilipokuwa mdogo shuleni hapa hapa Maskati, nilichekwa kwa Kiarabu changu. Nikifungua mdomo, wenzangu wanasema huyo Zinjibari, mwacheni. Nikienda Unguja kutazama jamaa, dereva wa teksi ananisifu kwa Kiswahili changu na kuniuliza nilijifunzia wapi. Nilijifunzia tumboni! Huku mgeni, kule mgeni. Nimechoka kuulizwa cheti cha kuzaliwa kila nikiomba maji ya kunywa. Na sasa mtu niliyemfanyia kazi bure ananiambia kwamba mamangu, aliyezungumza lugha hii kabla yeye mhariri hajazaliwa, ni tawi lililokatwa.

Nilimwambia hayo, si kwa mpangilio huo. Nilimwambia pia kwamba Waskoti waliovuka maji kwenda kukaa Ireland karne nyingi zilizopita wamo ndani ya kamusi ya Kiskoti, wao na watoto wao na maneno yao, na hakuna aliyewaita matawi.

"Na barakoa je?" nikamuuliza.

"Barakoa imefanya nini?"

"Bibi yangu aliivaa usoni. Kitambaa kigumu, cheusi, kinaacha macho tu. Wanawake walipoacha kuivaa kule Unguja, neno likalala. Hukuwa na gazeti hata moja la kukuonyesha kwamba liko hai. Lilikaa kwenye vinywa vya vikongwe kama mamangu, basi. Ikaja korona, na kila kipaza sauti kutoka Mombasa mpaka Kigoma kikapiga kelele watu wavae barakoa. Ungelitia msalaba, siku ile ungeuficha wapi uso wako?"

Alicheka, lazima nimpe haki yake. Alicheka, akakohoa, akasema, "Barakoa sasa ina magazeti, dada. Niletee chapa ya maneno ya mama yako pia. Kitu kilichochapwa, cha miaka hii, neno likiwa ndani yake. Nitaufuta msalaba kwa mkono wangu. Lakini baada ya Idi kamusi inakwenda mtamboni, na ikienda imekwenda."

Kamusi ikishachapwa haifutiki. Watoto wangeifungua, na watoto wa watoto, na wangekuta maneno ya nyumba yetu yana alama ya kaburi, nao wangeona haya kuyasema. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Watu huacha neno wakiambiwa limekufa, kwa hiyo alama ile haisubiri kifo, inakileta.

Jioni nilimweleza mama yote, nikitegemea atasema waache. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Aliuliza swali moja.

"Kasema lazima kitabu?"

"Hakusema kitabu. Kasema chapa."

"Mm," mama akasema, akaendelea na mchele wake.

Mjukuu wake mmoja, mtoto wa kakangu, alikuwa karibu kuolewa. Kwetu, harusi haifanyiki bila sare ya kanga: wanawake wote wa upande wetu huvaa kanga moja, rangi moja, na jina moja. Jina ndiyo yale maneno yaliyochapwa chini, na haki ya kulichagua ni ya mwanamke mkubwa wa ukoo. Bi harusi na wenzake walitaka mioyo na maneno ya hongera waliyoyapata kwenye simu. Shangazi wawili walikuwa na methali mbili wakigombana. Mama alikuwa amewaacha wote wapige kelele.

Nilimpeleka Wadi Kabir, kwenye kikarakana kinachochapa fulana na bendera katikati ya magereji. Bi harusi alikaa nyuma na michoro yake. Tuliposimama kwenye foleni ya magari, mama akawa anapigapiga goti lake kwa kiganja, polepole, midomo inachezacheza. Nilidhani anasoma dhikri.

"Andika," akasema.

"Naendesha, Mama."

"Basi shika kichwani. Bado nnapakua wali, msinifunike kawa."

Nilicheka mpaka gari la nyuma likanipigia honi. Bi harusi akainama mbele.

"Bibi, harusi yangu inahusiana nini na wali?"

"Harusi gani isiyokuwa na wali?"

"Lakini watu watasema ni mafumbo. Watamfikiria mama mkwe wangu."

"Wamfikirie. Kanga isiyosema kitu ni pazia."

Mwenye karakana, Mhindi mtaratibu aliyevaa miwani kamba shingoni, aliziandika herufi moja moja bila kujua maana yake, akamrudia mama kila herufi ili ahakikishe. Mimi nikamwomba aongeze kwenye pembe, kwa herufi ndogo, Maskati na mwaka. Akasema kanga hazina desturi hiyo. Nikamwambia hii inayo.

"Na bweta?" mama akaniuliza tulipokuwa tunarudi. "Na kandili?"

"Harusi ni moja, Mama."

"Wajukuu ninao wengi."

Siku ya harusi ukumbi ulijaa kanga nyekundu na nyeupe. Usilolijua ni namna wanawake wanavyosomana: anaingia mmoja, anageuka kumsalimia mwenzake, na walioko nyuma yake wanasoma chini ya kiuno chake kabla hajakaa. Vicheko vilianza mlangoni. Bibi mmoja aliyepooza mkono alikuja mpaka kwenye kiti cha mama kumwambia kwamba kawa lake la ukindu, lenye nakshi za zambarau, bado liko juu ya kabati, na kwamba wakwe zake wanadhani ni kofia. Mwingine akadai makawa ya Pemba ndiyo yenye kusimama vizuri. Wakabishana. Msichana mmoja wa chuo, mzaliwa wa hapa, akauliza kawa ni nini, akajibiwa na vinywa vingi kwa pamoja, na wote wakamchorea hewani kwa mikono. Nilisimama pembeni na simu yangu, moyo umenijaa, nikapiga picha pindo la kanga ya mama mpaka akaniambia nimwache ale.

Picha nikampelekea mhariri. Akanijibu kwa maandishi.

"Kanga si kitabu."

"Hukusema kitabu. Ulisema chapa."

"Imechapwa kwa makusudi, dada. Mmeichapa ili neno liingie."

"Nitajie kitu kilichowahi kuchapwa bila makusudi."

Nikamwandikia tena bila hasira, maana hasira zilikuwa zimekwisha na kilichobaki ni ukweli: kwamba wanawake wetu, ambao hakuna mtu aliyewachapia vitabu, wamechapisha lugha hii nguoni mwao kwa muda mrefu kuliko magazeti yake mengi, na kwamba akikataa kanga atakuwa amekataa maandishi ya nusu ya wasemaji. Nikamwambia aniondoe mimi kwenye kamusi kabla hajaiondoa kanga ile.

Karibu na Idi zikaja kurasa mpya. Nilizifungua kwenye maegesho ya wizara, ndani ya gari lenye joto, kabla hata sijawasha kiyoyozi. Neno "kawa" limesimama peke yake, safi, halina kitu kando yake. Maana ya kwanza: kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukindu. Maana ya pili: kifuniko cha chakula cha wavu wa plastiki, Maskati. Chini ya maana ya pili, kwa herufi za mlazo, maneno ya mama, vipande vyake vyote viwili, na nna- yake hawakuisahihisha. Bweta na kandili bado zilikuwa na misalaba. Lakini kawa lilikuwa limetoka. Nililia pale maegeshoni bila aibu, mwanamke wa makamo na kadi ya wizara shingoni, na mlinzi akajifanya anatazama upande mwingine.

Nikaanza pale pale kumwandikia mhariri shukrani. Zilikuwa ndefu. Nilimwita ndugu yangu, nilimwombea dua. Nikaziacha kwenye simu, nizitume baada ya mama kuona.

Mama alisoma taratibu, kama anavyosoma kila kitu, mpaka mwisho wa mstari ambapo mimi sikufika kwa sababu ya machozi. Kidole chake kikasimama.

"Hapa kumeandikwa nini? Soma."

Nikasoma. Kanga, Maskati, mwaka. Mwandishi: hajulikani.

"Hajulikani na nani?"

Nilimweleza kwamba ndiyo desturi, kanga hazina mwandishi, maneno yake ni ya watu wote, hakuna anayejua nani kayatunga.

"We hukuwamo kwenye gari?"

"Nilikuwamo, Mama."

"Si we uliyekuwa ukiendesha?"

Nilikaa. Nikazifuta zile shukrani zote, na dua ndani yake, nikaandika jina lake: lake, la babake, la babu yake, na la ukoo. Hapa siliandiki, hapa si mahali pake. Mama alikuwa ameinama juu ya bega langu akihakikisha herufi.

"Tia na namba ya simu," akasema. "Akiwa na shaka kama nnajulikana, na anipigie."